Ngoma kama Tiba: Historia Iliyohifadhiwa katika Neno

Tiba ya muziki, kama taaluma yenye vyama na vyeti, huhesabiwa kuwa zao la karne ya 20. Nchini Marekani chama chake cha kitaifa kiliundwa mwaka 1950, baada ya muziki kutumika katika hospitali za askari walioathiriwa na vita. Historia hiyo ni sahihi, lakini ikisomwa peke yake humfanya Mwafrika aonekane mpokeaji tu. Insha hii inadai kwamba lugha zetu zimehifadhi historia nyingine, na ushahidi wake ni neno ngoma.

Katika Kiswahili, ngoma ni chombo, ni mchezo, na pia ni shughuli ya uganga, kama ngoma ya pepo ya mwambao. Wandembu wa Zambia, walioelezwa na Victor Turner mwaka 1968, nao waliziita shughuli za kuondoa mateso kwa jina la chombo hicho. Katika lugha za Kinguni, ingoma ni wimbo. John Janzen, aliyechunguza ngoma kutoka Kinshasa na Dar es Salaam hadi Cape Town miaka ya 1980, alionyesha kwamba kiini cha shughuli hizi si chombo. Mgonjwa hutaja taabu yake, huanzisha wimbo, na waliowahi kuugua kama yeye humwitikia. Akipona, huweza kuwa mganga. Tiba, basi, ilikuwa katika kuitikiwa.

Utawala wa kikoloni uliitenga maana hiyo. Sheria za uchawi, kama ile ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, ziliutia uganga mashakani, huku ngoma ya kuchezwa ikiruhusiwa kama burudani. Baada ya uhuru, serikali ziliipandisha ngoma jukwaani kama utamaduni wa taifa. Upande wa tiba ukabaki uani.

Hatusemi kwamba ngoma huponya kila ugonjwa. Malaria huhitaji dawa. Tunasema kwamba hospitali inayomwekea mgonjwa muziki wa kusikiliza peke yake imechukua sauti na kuacha waitikiaji. Wapangaji wa tiba hii katika nchi zetu hawana budi kuuliza kwanza: mgonjwa akianzisha wimbo, nani ataitikia?