Waliouliza utalii unamfaidisha nani

Februari 1970 serikali ya Tanzania ilitaifisha gazeti la The Standard la Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akamkabidhi uhariri Frene Ginwala, mwanamapinduzi wa ANC kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni. Haukupita muda, kurasa za gazeti hilo zikapokea mjadala ambao hadi leo hatujaumaliza. Vijana wa TANU, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, waliandika kuhoji sera ya utalii. Walikuwa wanachama wa chama tawala, wakiandika katika gazeti la serikali, kupinga mpango wa serikali. Naomba msomaji alitafakari hilo kabla hatujaendelea.

Mpango wenyewe ulikuwa mkubwa. Mwaka 1969 lilianzishwa Shirika la Utalii Tanzania, TTC, nalo likapewa kazi ya kujenga na kuendesha hoteli za umma katika mbuga na ufukweni. Hoja ya serikali ilieleweka: nchi ilihitaji fedha za kigeni, na wanyama wa Serengeti na Ngorongoro tayari walikuwa kivutio. Mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walikuwa wamewahesabu kutoka angani, na Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipoanguka. Kitabu chao na filamu yao vilitangaza Serengeti duniani kote. Wageni wangekuja. Kilichobaki, ilidhaniwa, ni vitanda vya kuwalaza.

Vijana wa Mlimani waliuliza swali jingine: mgeni akija, pesa yake inakwenda wapi? Mtu analipia safari nzima huko Frankfurt au London kabla hajapanda ndege. Wakala wa kule anakata chake. Shirika la ndege nalo ni la kwao. Mvinyo, nyama iliyogandishwa, mashine za kupozea hewa na hata meneja wa hoteli, vyote vinatoka nje. Kinachofika kwa mkulima wa Karatu au mvuvi wa Kunduchi ni kidogo mno, na barabara ya kumpitishia mgeni huyo imejengwa kwa kodi ya mkulima huyohuyo. Juu ya hayo waliweka hoja ya utu: nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, je, inawaandaa vijana wake wawe watumishi wa starehe za watu wengine? Frantz Fanon, aliyesomwa sana Mlimani siku hizo, alikuwa ameonya jambo hilohilo. Watetezi wa utalii nao walijibu kwa nguvu, kwamba ajira ni ajira na dola ni dola, na kwamba nchi maskini haina anasa ya kuchagua.

Hakuna aliyewatuma vijana hao kazi hiyo wala kuwalipa, na mjadala ungeweza kufia katika magazeti ya kufungia maandazi. Aliyeuokoa ni Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, ambaye mwaka huo wa 1970 alikuwa akihitimu shahada ya sheria. Alikusanya barua na makala za pande zote, akazihariri, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House, chini ya Walter Bgoya, ikatoa kitabu cha Kiingereza, Tourism and Socialist Development. Ni kitabu chembamba, lakini watafiti wa utalii wa nchi maskini wanakitaja hadi leo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utafiti wa utalii wa chuo kikuu chetu ulipozaliwa.

Si kwamba hakukuwa na wengine. Nairobi, Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu ilikuwa imeanza kazi mwaka 1965, na mchumi Frank Mitchell akaandika kuhusu gharama na faida za utalii wa Kenya: upande mmoja dola zinazoingia, upande wa pili barabara, mbuga, matangazo na mtaji. Hesabu hizo zilihitajika. Joseph Ouma naye alitoa mwaka 1970 historia ya utalii wa Afrika Mashariki kupitia East African Literature Bureau. Tofauti yao na Dar es Salaam ni kwamba Mitchell aliuliza kama nchi inapata faida, ilhali vijana wa Mlimani waliuliza ni nani ndani ya nchi anayeipata.

Mlimani kwenyewe kulikuwa na ofisi iliyoundwa rasmi kwa utafiti na ushauri. BRALUP, yaani Bureau of Resource Assessment and Land Use Planning, ilianzishwa mwaka 1967, ikiongozwa mwanzoni na mwanajiografia Len Berry, na baadaye Adolfo Mascarenhas. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, maji, mvua na watu, kisha kuishauri serikali. Utalii haukuwa jina la ofisi hiyo, ila uliifuata wenyewe, kwa sababu huwezi kupima ardhi ya Tanzania ukakwepa mbuga. Ngorongoro ndiyo iliyowapa kazi ngumu kuliko zote. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, na wafugaji wa Kimaasai wakabaki na ng'ombe katika eneo wanalolitamani watalii. BRALUP ilichapisha mwaka 1981 utafiti wa mwanaanthropolojia Kaj Århem kuhusu maisha ya wafugaji hao, na mwaka uliofuata chuo kikatoa mpango wa kuendesha eneo hilo uliojaribu kuweka wanyama, wageni na wenyeji katika meza moja. Ukisoma habari za Ngorongoro za miaka hii, unaona wazi kwamba meza ile haijapata kukaliwa na wote.

Kisha mambo yakayumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983, na wageni waliozoea kupitia Nairobi wakapungua. Hoteli za TTC zikachakaa. Serikali iliporudi kwenye utalii kwa nguvu, ikiwa na sera ya mwaka 1991, maswali ya Mlimani yalikuwa yamewekwa kabatini. Mpango mkuu wa utalii wa mwaka 1996 uliandaliwa na kampuni ya ushauri kutoka Dublin, ikauhuisha mwaka 2002. Sina ugomvi na Waayalandi. Ninachouliza ni kwa nini nchi iliyokuwa na mabingwa wake ilienda kununua maswali nje.

Na hapa historia ina jambo la kupendeza. Katika wahariri wa Cheche, jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto lililochapishwa Mlimani miaka hiyohiyo, pamoja na Karim Hirji na Henry Mapolu, alikuwemo Zakia Meghji. Mwaka 1997 ndiye aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, akakaa katika wizara hiyo hadi mwisho wa utawala wa Rais Mkapa. Kizazi kilichouliza kikajikuta kikitakiwa kujibu.

Majibu yameanza kupatikana, angalau kwa tarakimu. Tangu mwaka 2001, Benki Kuu, Ofisi ya Takwimu, Wizara, Uhamiaji na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar hufanya utafiti wa wageni wanaoondoka. Karani husimama na dodoso uwanja wa ndege au mpakani: umelala siku ngapi, ulilipia kwa mkupuo au ulijipangia, umetumia kiasi gani. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Uingereza ya ODI walikwenda mbali zaidi. Walifuatilia pesa za mgeni ndani ya nchi, wakakuta kwamba kwenye kupanda Mlima Kilimanjaro takribani asilimia 28 huwafikia watu wa kipato cha chini, na kwenye safari za mbugani za kaskazini takribani asilimia 18. Sababu ya tofauti ni watu: Kilimanjaro hupandwa kwa migongo ya wapagazi wapatao 10,000, pamoja na waongozaji na wapishi. Ukisimama langoni Machame utawaona wagumu, kama wanavyojiita, wakipanga foleni kwenye mizani ya hifadhi, kila mmoja na mzigo usiopaswa kuzidi kilo 20: hema, mtungi wa gesi, viti vya mgeni, unga. Mshahara wake na bakshishi ndiyo hiyo asilimia.

Hilo ni jibu la swali la 1970, limekuja baada ya miaka 39, limeandikwa kwa Kiingereza na watu wa London. Mgumu wa Machame hajalisoma.

Leo vyuo vyetu vina shahada za utalii, wahadhiri wenye udaktari, na vitengo vinavyouza ushauri kwa wizara na makampuni. Nawaomba wakuu wa vitengo hivyo mambo mawili. Kila ripoti iliyolipiwa kwa fedha ya umma itolewe pia kwa Kiswahili, nakala ziende ofisi za kata za Machame, Karatu na Nungwi. Na kabla ya kumkabidhi mteja, wachapishe hoja zake kuu gazetini, ili mtu yeyote aweze kuandika kuzipinga.