Tuta la Addicks: Bwawa Kavu Linaloilinda Houston

Ukitoka katikati ya Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, ukashika barabara kuu namba 10 kuelekea magharibi, baada ya kilomita kama 27 utaona mkono wa kulia tuta refu lililoota majani, likienda sambamba na barabara. Mgeni hawezi kudhani kuwa ni bwawa, kwa sababu maji hayapo. Juu yake watu hukimbia na kuendesha baiskeli. Nyuma yake kuna msitu, viwanja vya michezo na bustani ya umma ya Bear Creek. Hilo ndilo bwawa la Addicks. Kusini ya barabara lipo pacha wake, bwawa la Barker. Yote mawili yamejengwa kwa udongo, na yote mawili hukaa makavu sehemu kubwa ya mwaka.

Jiji lenyewe lilianzia majini. Mwaka 1836 ndugu wawili, Augustus na John Allen, walinunua ardhi pale mkondo wa White Oak unapoungana na Buffalo Bayou, wakapima viwanja na kuviuza. Walipapenda kwa sababu ya bandari. Lakini nchi ile ni tambarare mno, udongo wake ni mfinyanzi usiokunywa maji haraka, na dhoruba za Ghuba ya Mexico huifikia bila kizuizi chochote. Mji ulifurika tangu ukiwa mchanga, na watu wakazoea.

Mazoea hayo yalikatika baada ya mafuriko mawili yaliyofuatana kwa miaka michache, ya 1929 na ya Desemba 1935. Haya ya pili yaliua watu, yakafunika sehemu ya katikati ya mji wenye biashara, yakakizima kituo kikuu cha maji ya kunywa na kuijaza bandari tope na takataka. Houston ya wakati huo ilikuwa ikiishi kwa mafuta na pamba, na vyote viwili vilitoka kwa meli. Bandari ilipokwama, wenye fedha na wenye madaraka walikubaliana upesi kuliko kawaida. Mwaka 1937 bunge la Texas liliunda mamlaka ya kudhibiti mafuriko ya Kaunti ya Harris, ambamo Houston imo, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaidhinisha mradi wa Buffalo Bayou chini ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi.

Mpango wa awali ulikuwa mkubwa kuliko huu tunaouona leo. Wahandisi walitaka mabwawa matatu, mifereji ya kuyazungusha maji nje ya jiji, na tuta jingine kaskazini la kuzuia maji ya Cypress Creek yasimwagikie bonde la Addicks. Yaliyojengwa ni mabwawa mawili tu: Barker lilikamilika 1945, Addicks 1948. Bwawa la tatu halikujengwa, wala tuta la Cypress Creek. Hadi leo mvua ikizidi, maji ya Cypress Creek huvuka mgongo wa ardhi na kuingia Addicks. Anayetaka kuelewa shida za miaka ya karibuni aanzie hapo, kwenye yale yaliyoachwa.

Addicks lilipata jina lake kutoka kijiji kidogo cha wakulima wenye asili ya Ujerumani, nacho kijiji kiliitwa kwa jina la Henry Addicks, msimamizi wake wa kwanza wa posta. Serikali ilipohitaji ardhi ya kulimbikia maji, wenyeji wale iliwabidi wahame.

Utendaji wa bwawa lenyewe ni rahisi kueleza. Tuta la Addicks lina urefu wa karibu kilomita 19, la Barker karibu kilomita 22, na penye kimo kikubwa zaidi tuta la Addicks hufikia mita 15 hivi kutoka sakafuni mwa mkondo. Chini ya tuta hupita makalvati. Mwanzoni mengi yao hayakuwa na mageti, maji yalijitokea yenyewe polepole. Kufikia 1963 yote yalikuwa yamewekewa mageti, kwa sababu nyumba zilikuwa zimeanza kusogelea kingo za Buffalo Bayou. Mvua ikinyesha mageti hufungwa, maji hukusanyika nyuma ya tuta, na anga likitulia hufunguliwa kwa kipimo. Kipimo cha kawaida kwa mabwawa yote mawili ni mita za ujazo 57 kwa sekunde. Zaidi ya hapo nyumba zilizo chini ya bwawa huanza kuingiliwa.

Upande wa chini, basi, ulilindwa. Upande wa juu ndio ulioachwa wazi, na hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la historia hii. Serikali ilinunua ardhi ya kutosha maji ya dhoruba kama ile ya 1935 na ziada kidogo, jumla yake yapata ekari 25,000. Matuta, hata hivyo, yaliinuliwa juu zaidi ya kiwango hicho. Hesabu ni nyepesi: bwawa lenyewe lingeweza kubeba maji mengi kuliko ardhi iliyonunuliwa kuyapokea. Kati ya mpaka wa serikali na mpaka wa maji ulibaki ukanda mpana wa ardhi ya watu binafsi. Katika miaka ya 1940 ukanda huo ulikuwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya mpunga, na walioamua waliona kuwa malisho yakifurika siku chache hakuna hasara kubwa. Labda kwa wakati wao walikuwa na haki. Lakini tuta la udongo hudumu, na jirani wa tuta hubadilika.

Kuanzia miaka ya 1970 jiji lilipanuka kuelekea magharibi. Mashamba ya mpunga yaligawanywa viwanja, zikaota nyumba za matofali, shule, makanisa na maduka, ndani kabisa ya eneo ambalo bwawa lingelifunika likijaa. Wahandisi walijua. Maofisa wa kaunti walijua. Katika kaunti jirani ya Fort Bend ramani za baadhi ya viwanja ziliandikwa kuwa eneo lingeweza kufunikwa na maji ya Barker kwa makusudi na kwa muda mrefu. Maandishi hayo yalikaa kwenye ramani zilizohifadhiwa ofisini. Ni wanunuzi wangapi hufungua ramani ya kitongoji kizima kabla ya kulipia nyumba? Benki nyingi hazikudai bima ya mafuriko, maana ramani za bima hazikuyahesabu maeneo hayo kuwa ya hatari, na mnunuzi akaondoka na funguo akiamini yuko salama.

Mwaka 2009 Wahandisi wa Jeshi waliyaweka mabwawa yote mawili katika daraja la juu kabisa la hatari. Hilo halikumaanisha kuwa yako karibu kuvunjika. Maana yake ni kwamba yakivunjika, jiji la mamilioni liko chini yake. Ukarabati ukaanza kwenye njia za kutolea maji. Aprili 2016 mvua ilifikisha maji kwenye viwango ambavyo havikuwa vimewahi kuonekana, hadi ukingoni mwa ardhi ya serikali.

Kisha ikaja Harvey. Kimbunga hicho kilipiga pwani ya Texas usiku wa Agosti 25, 2017, kikapunguza mwendo na kubaki juu ya Houston. Kwa siku nne Kaunti ya Harris ilipata kwa wastani zaidi ya milimita 800 za mvua. Mageti yalifungwa na mabwawa yakapanda. Usiku wa manane kuamkia Agosti 28 wahandisi waliyafungua mageti huku mvua ikiendelea, wakihofia maji yasije yakazunguka ncha za tuta bila udhibiti wowote. Kesho yake maji ya Addicks yalianza kupita kwenye ncha ya kaskazini hata hivyo. Utoaji ulifikia zaidi ya mita za ujazo 350 kwa sekunde, mara sita ya kipimo cha kawaida. Upande wa juu wa matuta maelfu ya nyumba zilizama kwa maji yaliyozuiwa. Upande wa chini, kandokando ya Buffalo Bayou, nyingine zilizama kwa maji yaliyoachiwa, na baadhi zikakaa majini kwa siku nyingi. Maji ya Addicks yalifika futi 109.1, karibu mita mbili juu ya mpaka wa ardhi ya serikali. Matuta hayakuvunjika.

Wenye nyumba walikwenda mahakamani. Desemba 2019 Jaji Charles Lettow aliamua kuwa serikali kuu iliitwaa ardhi ya wakazi wa upande wa juu kwa kuitumia kuhifadhi maji, hivyo inapaswa kuwafidia. Miezi miwili baadaye jaji mwingine alitupilia mbali madai ya wakazi wa upande wa chini, lakini mahakama ya rufaa iliyarudisha mwaka 2022. Uamuzi wa Lettow naona ni wa haki. Anayelilinda jiji kwa kuifurisha nyumba ya mtu mwingine ana deni kwa mtu huyo, na deni hilo lilikuwepo tangu siku mpaka ulipochorwa mahali pasipotosha. Wajenzi waliouza nyumba zile walikuwa na sehemu yao, na kaunti zilizogonga mihuri ya vibali zilikuwa na yao pia.

Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wamehamia Houston, na wengine wanatafuta nyumba huko magharibi. Kwao nina ombi. Kabla hujatia sahihi mkataba karibu na Addicks au Barker, uliza kiwanja kiko kwenye mwinuko wa futi ngapi, na ulinganishe na 109.1 upande wa Addicks au 101.6 upande wa Barker, mahali maji yalipofika mwaka 2017. Kikiwa chini ya hapo, kata bima ya mafuriko hata kama benki haikukudai.