Harusi si ndoa: Maneno ya kale yanamtetea bi harusi wa leo

WAHENGA wa pwani walisema tonga si tui. Vyote viwili hutoka kwenye nazi, lakini huwezi kuungia wali kwa tonga. Ndivyo yalivyo maneno mawili ambayo siku hizi tunayatumia kana kwamba ni pacha: harusi na ndoa.

Ndoa ni neno la Kibantu, limezaliwa na kitenzi oa. Ni kifungo baina ya watu wawili na koo zao. Harusi, ambalo wengine huliandika arusi, limetujia kutoka Kiarabu. Huko, neno arus humtaja bibi harusi mwenyewe, na sherehe huitwa urs. Sisi tulipolipokea tukaliweka kwenye sherehe, ndipo tukalazimika kuunda bibi harusi na bwana harusi ili tuwataje wenyewe. Neno lililokuwa la mtu likawa la karamu. Mtu akamezwa na shughuli.

Kwa nini nayasema haya? Ukivuka feri Likoni ukaishika barabara ya Ukunda, ukapita Diani hadi Msambweni na kuendelea mpaka Lungalunga, utawakuta mabinti wengi wanaotaka harusi ndogo. Wamesoma, wana kazi, na wamehesabu. Wanataka walii, mashahidi, sinia chache za pilau, basi. Tatizo linaanza siku wanapolitamka jambo hilo nyumbani.

"Mwanangu, wataka watu waseme twakuficha nini?" Hilo ndilo jibu la shangazi. Mjomba naye atauliza iwapo bwana harusi hana kitu. Na mtaani kuna neno tayari linasubiri: ndoa ya mkeka. Msemo huu umeshamiri sana kwa jirani zetu wa Tanzania na umevuka mpaka bila pasipoti. Ni ndoa ya vijana waliofumaniwa, mkeka ukatandikwa papo hapo, wakaozwa. Kwa hivyo anayetaka harusi ndogo hushukiwa mambo mawili: umaskini au aibu.

Jambo la kushangaza ni kwamba kilomita chache kutoka nyumbani kwake, kwenye mchanga mweupe wa Diani, wageni kutoka Ulaya hufunga ndoa wakiwa miguu mitupu, wamezungukwa na jamaa wachache, na bahari ndiyo pambo lao. Hoteli huwauzia uchache huo kwa bei kubwa. Hakuna anayewauliza wanaficha nini. Uchache wa mgeni huitwa umaridadi, uchache wa binti wa Kwale huitwa ukata. Hebu basi tuiulize historia: je, ukubwa wa harusi ndiyo mila yetu?

Tuanze na shahidi wa kuaminika. Mwaka wa 1903, kule Göttingen, Ujerumani, Carl Velten alichapisha kitabu Desturi za Wasuaheli. Aliyekiandika kwa sehemu kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa sehemu za Bagamoyo aliyewahi kufundisha Kiswahili Berlin. Anaeleza posa, mahari na ada za harusi za Mrima, yaani pwani ileile inayoanza upande wetu wa kusini na kuteremka Tanganyika.

Zitazame ada hizo kwa majina yake. Baba wa binti hupewa kilemba. Mama hupewa mkaja na ubeleko. Kilemba ni kitambaa cha kichwani. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Vitambaa vitatu, msomaji wangu! Na kila kimoja kinasema neno. Kwa mama, mkwe anasema hivi: tumbo lililomzaa huyu nalijua, na mgongo uliombeba naushukuru. Majina haya hayakuanza kwa hesabu ya fedha. Yalianza kwa shukrani iliyoweza kukunjwa ikatiwa kapuni. Baadaye jina la kitambaa likabaki, kitambaa kikageuka pesa, na pesa hazina kikomo kama kitambaa.

Shahidi wa pili ni neno fungate. Leo tunalitumia kwa mapumziko yoyote ya maharusi, hata nimesikia watu wakitangaza "fungate ya siku tatu". Asili ya neno hilo haiwaruhusu. Fungate ni saba. Kabla ya sita, saba na tisa za Kiarabu kuenea, Wabantu wa pwani walikuwa na hesabu zao. Washambaa wa Usambara husema mfungate, na Mijikenda husema fungahe. Usishangazwe na hiyo h: mahali ambapo Kiswahili kina t, Mijikenda mara nyingi wana h, kama tatu inavyokuwa hahu. Kiswahili kiliisahau fungate sokoni na madrasani, lakini kikaihifadhi chumbani mwa maharusi. Ilikuwa ni siku saba ambazo watu wa nyumbani waliwaletea wawili hao chakula ili wazoeane. Haikuhitaji hoteli. Ilihitaji jirani mwenye chungu.

Basi ukubwa ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mashindano. Mwanahistoria Mmarekani Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka wa 1995 kuhusu miji ya Mrima kati ya 1856 na 1888, anaonyesha kwamba karamu zilikuwa uwanja wa siasa. Biashara ya misafara ilileta mali mpya. Aliyetaka kutambuliwa kuwa muungwana wa mji alilisha watu, na aliyezaliwa chini alitumia ngoma na karamu kudai nafasi yake. Hapa tusiwahukumu kwa haraka. Kwa mtu ambaye mji ulimkana, ng'ombe aliyechinjwa hadharani alikuwa hati ya uraia.

Karne ya 20 ikayaendeleza mambo hayo. Margaret Strobel, aliyeandika mwaka wa 1979 historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa, anasimulia vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na vyakula. Wanawake walijipatia humo uongozi na sauti waliyonyimwa kwingineko. Lakini gharama nazo zilipanda.

Sauti za kupinga hazikukosekana, na hazikutoka ng'ambo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka wa 1937, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932. Katika maandishi yake alikemea israfu, zikiwemo gharama za harusi na matanga. Kwa hivyo binti wa Msambweni anayetaka harusi ndogo hajaiga uzungu. Anaendeleza hoja iliyoandikwa kwa Kiswahili, hapa hapa pwani, miaka zaidi ya 90 iliyopita.

Hasara nayo imeandikwa. Mwaka wa 1972 David Parkin alichapisha utafiti wake miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni, ndugu wa Wadigo na Waduruma wa Kwale katika familia ya Mijikenda. Aliona jinsi familia zilivyouza au kuweka rehani minazi na mashamba ili zilipe mahari na gharama za matanga. Mnazi huchukua miaka kuzaa, na ukishazaa hulisha kizazi kizima. Sherehe huisha siku mbili tatu. Anayejua thamani ya mnazi aupime mwenyewe mkataba huo.

Hata lile gauni jeupe ambalo leo "bila hilo si harusi", umri wake ni mdogo. Lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa mwaka wa 1840. Mwari wa Vanga au Wasini wa enzi hizo hakulijua. Tunaloliita mila mara nyingine ni mtindo uliosahau tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa tuje kwenye neno linaloleta ugomvi zaidi: mahari. Kiswahili cha Kenya kimelibebesha neno hili mizigo miwili. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya Wadigo wengi, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Si ya babake, si ya mjomba. Wala hayana kima cha juu kilichowekwa. Mapokezi mashuhuri yanamtaja Mtume akimhimiza mtu atafute japo pete ya chuma. Katika mila za Mijikenda na Wakenya wengine, mali huenda kwa familia ya binti. Ni vitu viwili tofauti, jina moja. Ndipo wazee wanapokaa kikao cha kujadili "mahari", kila mmoja akiwa na maana yake kichwani, na bi harusi yuko chumba cha ndani hana habari kwamba kinachogawanywa ni chake.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inaeleza kwamba pale mahari yanapohitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Kwa ndoa ya serikali, wawili hao hutoa ilani ya siku 21 zisizopungua, kisha hufungishwa na msajili mbele ya mashahidi wawili. Kwa nikahi, nguzo ni walii, mashahidi wawili, na matamko ya kuoza na kukubali. Popote utakapotazama, ndoa ni ndogo. Kilicho kikubwa ni harusi.

Lakini mwanaisimu hawezi kuondoka bila kuitazama sarufi. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi huoza. Binti yuko kwenye kauli ya kutendwa. Kisha tazama: pwani, "mwenye harusi" kwa kawaida ni mzazi. Bibi harusi ni wa harusi, harusi si yake! Mwari wa zamani aliwekwa ndani, akasingwa, akafundwa na somo wake, akatolewa siku ya siku. Hakuna aliyemwuliza idadi ya wageni. Kumbe anaposema leo "nataka watu 30 tu", mshtuko wa shangazi hautokani na hiyo 30. Unatokana na "nataka". Kitenzi kimebadilika kauli nyumbani kwake.

Na bado lugha ileile ina oana, kauli ya kutendana. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 45, inawapa wawili wanaooana haki sawa tangu wakati wa kufunga ndoa. Kuoana ndilo neno linalomfaa anayepanga harusi yake mwenyewe, alimradi akumbuke kwamba hata oana haihusu watu wawili tu pwani.

Maana shangazi naye ana hoja, tusimdharau. Harusi kubwa ilifanya kazi. Iliitangaza ndoa ili mwanamke asije akakanwa kesho. Iliwakutanisha wanawake, ikawalisha maskini, ikampa somo nafasi ya kufunza. Wakati wa korona, mwaka wa 2020, mikusanyiko ilipobanwa, ndoa zilifungwa mbele ya wachache na zikashika. Lakini wengi walisikitika kwamba hawakushuhudia. Masikitiko hayo hayakuwa uroho wa biriani. Mtu alitaka kuwa shahidi.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa bi harusi wa Kwale ni huu: usianze kwa kufuta, anza kwa kutenganisha. Andika orodha mbili. Ya kwanza iite ndoa, ya pili harusi. Kwenye ndoa weka walii, mashahidi, mahari yatajwe wazi na yafike mkononi mwako, na cheti. Hapo usipunguze hata uzi. Kwenye harusi, kila kitu kijibu swali moja: kinamtambua nani? Mpe mama mkaja na ubeleko vya kweli, vitambaa anavyoweza kuvishika, si bahasha. Mpe baba kilemba chake. Mwalike somo. Wape jirani habari mapema, kwa mdomo wako au wa mamako, maana anayekasirika mara nyingi hakasirikii kukosa sahani. Anakasirikia kusikia barabarani. Wakitaka sengenya au vugo jioni moja uani, waache wacheze. Kisha waombe wakuletee chakula siku zako saba, kama fungate inavyodai. Hapo utakuwa umewapa wote nafasi, na hakuna mnazi uliowekwa rehani.

Hema la pili, magari ya kukodi ya kuvuka nayo feri, kamati za kuchangisha wiki baada ya wiki, na nguo sare za watu ambao hawatazivaa tena, hivyo havina jina katika Kiswahili cha kale. Si dhambi kuwa navyo kwa mwenye uwezo. Lakini asije mtu akamlazimisha binti avikope kwa jina la mila. Mila ina maneno yake, na maneno hayo tumeyasoma: kitambaa cha kichwani, kitambaa cha tumboni, kitambaa cha mgongoni, na chungu cha jirani kwa siku saba.