Mtoto alilala wapi? Historia ya kulala na kubebwa kwa watoto wachanga kwetu Kashebere

Utangulizi

Tunapoandika juu ya desturi zetu, kwa kawaida tunachagua mambo makubwa: ndoa, mwami na baraza lake, ngoma, matanga. Juu ya mahali mtoto mchanga alilala usiku hatuandiki kitu. Tunasema hayo ni mambo ya wamama. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hakulala mahali fulani usiku wake wa kwanza duniani. Tena jambo hili linagusa mfuko wa kila nyumba, kama tutakavyoona.

Kilichotusukuma kuandika ni hiki. Kijana mmoja wa kwetu, baba kwa mara ya kwanza, aliuza mbuzi wake wawili na kukopa juu yake ili anunue layeti kamili, berso ya mbao na matela yake mdogo. Aliona haya mke wake aende materinite mikono mitupu mbele ya wamama wengine. Siku ya kuzaa ilipofika, mambo yaligeuka magumu, ikabidi mama apelekwe upesi kwenye hospitali ya mbali. Pesa ya moto haikuwepo. Mbuzi hawakuwepo. Berso ilikuwepo, nzuri kabisa, imesimama kwenye kona ya nyumba. Watu walichanga, na kwa neema ya Mungu mama na mtoto walipona. Lakini tangu siku ile tulijiuliza: je, wazee wetu walifanyaje, wao ambao hawakununua kitu?

1. Zamani: mgongo, ngozi na mkeka

Kashebere iko mpakani mwa teritwari mbili, Masisi na Walikale. Upande mmoja milima na baridi yake, upande wa pili mwitu na mvua yake. Kwa hiyo desturi zetu nazo zimekutana hapa: za Wahunde, za Wanyanga, na za majirani wengine waliokuja baadaye.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mtoto hakuwa na kitanda chake. Mchana alikuwa mgongoni, usiku alikuwa ubavuni mwa mama. Bibi mmoja tuliyemuuliza alicheka sana, akasema: "Kitanda ya mutoto? Kitanda ya mutoto ni mama yake!" Nyumba ilikuwa na kitanda cha miti kilichofungwa kwa kamba za mwitu, juu yake majani makavu ya migomba na mkeka. Baba mara nyingi alilala pengine wakati mtoto angali mdogo. Kwa njia hiyo mama alipumzika, na watoto hawakufuatana haraka.

Kumbebea mtoto, watu wa mwituni walitumia magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakawa laini kama nguo. Watu wa milimani walitumia ngozi ya mbuzi au ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta. Kuanzia mwaka 1937, serikali ya Wabelgiji ilipoleta familia kutoka Rwanda na kuziweka Gishari, katika Masisi, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, ngozi ile ilijulikana zaidi kwa jina la ingobyi. Neno hilohilo katika Kinyarwanda linataja pia machela ya kubebea mgonjwa, ile sisi tunaita kipoyi. Tufikirie kidogo maana yake: neno moja kwa yule anayeingia duniani na kwa yule ambaye hawezi tena kutembea. Wote wawili wanabebwa na wengine.

Hata katika masimulizi yetu, mtoto halazwi kwenye kitu cha kununua. Hadithi ya Mwindo, ambayo Candi Rureke aliisimulia kati ya Wanyanga mwaka 1956, na ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969, inaeleza jinsi Shemwindo alivyomkataa mwanawe, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Wanafunzi wetu hucheka tukiwaambia kwamba berso ya Mwindo ilikuwa ngoma. Lakini fundisho ni zito. Baba alimnyima mahali, shangazi yake Iyangura akampa. Kilichomkosa mtoto yule si kitanda, ni mtu wa kumpokea.

2. Berso na layeti zinaingia

Kitanda cha mtoto kilikuja na wazungu. Katika milima ya Masisi walikuwa na mashamba ya kahawa, chai na pareto, na malisho ya ng'ombe. Waliofanya kazi majumbani mwao waliona mtoto akilala peke yake katika chumba chake. Baada ya vita ya pili ya dunia, katika miji ya Kongo ya Kibelgiji, nyumba zilizoitwa foyers sociaux zilifundisha wamama kushona, kupika na kulea mtoto kwa namna ya Ulaya. Misioni na materinite nazo zilifundisha usafi: mtoto apokelewe kwa kitambaa safi, avae kofia, kitovu kisipakwe vitu ovyo.

Mafundisho hayo ya usafi yaliokoa watu, na hatuwezi kuyacheka. Lakini pamoja na usafi yaliingia pia maonyesho. Pole pole layeti ikawa kipimo cha heshima ya baba. Kikwembe safi hakikutosha tena, ilitakiwa beseni yenye rangi, seti ya nguo za mtoto, blanketi la maua, na siku hizi hata pusete, ambayo katika matope ya barabara yetu haiwezi kusukumwa hatua kumi! Kuna wamama wanaochelewa kwenda materinite kwa sababu ya haya tu, kwani wanaogopa kuchekwa. Hapo ndipo kitu cha kumsaidia mtoto kinageuka kuwa hatari kwake.

3. Vita vilionyesha kitu kinachobaki

Mwezi wa tatu mwaka 1993 mapigano yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi. Tangu hapo watu wa sehemu zetu wamekimbia mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Kashebere yenyewe imekimbiwa, na tena imepokea wakimbizi kutoka vijiji vingine.

Tuulizane: katika kukimbia, ni kitu gani cha mtoto kilichofika? Berso ilibaki. Matela ilibaki, au iliibiwa. Kilichofika ni kikwembe, kile ambacho Kiswahili cha vitabu kinaita mbeleko. Kikwembe kimoja kilikuwa kitanda, blanketi, mwavuli, pazia na mfuko wa unga. Usiku, chini ya hema au ndani ya darasa, kilitandikwa juu ya majani, na mtoto akalala ubavuni mwa mama kama alivyolala babu yake. Hatusemi haya kwa kusifu taabu. Lakini desturi ya zamani haikuwa ujinga. Ilikuwa akiba ya maarifa, na akiba haiozi.

4. Wageni walijifunza kwetu

Wasomaji wengine watasema: haya ni mambo ya watu maskini. Basi tutoke kidogo nje ya Kivu. Mwamerika mmoja, Ann Moore, muuguzi aliyefanya kazi ya kujitolea Togo miaka ya 1960, aliona jinsi wamama wa huko walivyobeba watoto mgongoni na jinsi watoto walivyotulia. Aliporudi kwao alitafuta namna ya kufanya vilevile, na mwaka 1969 mfuko wake wa kubebea mtoto, Snugli, ulipata hati ya uvumbuzi. Kitu ambacho nyanya zetu walifanya bure kikawa bidhaa ya duka.

Tena katika mji wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na mashine chache za kuwapasha moto. Akaagiza wamama wawafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Leo njia hiyo inaitwa ya kangaruu, na mwaka 2003 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu cha kuifundisha. Kwa mtoto mdogo wa kilo mbili hapa kwetu, ambapo umeme ni shida, kifua cha mama si kitu cha kujaribu tu. Ni dawa.

5. Yasiyofaa kurudishwa

Mwalimu mzuri hasifu upande mmoja tu. Desturi ilikuwa na makosa yake. Moto uliowashwa ndani ya nyumba usiku kucha ulipasha mtoto moto, lakini moshi uliumiza kifua chake, na wengine waliungua. Wazee wengi walikataza kutayarisha kitu chochote kabla ya kuzaa, wakiogopa kuita bahati mbaya. Katazo hilo lilizuia deni, ni kweli, lakini lilifanya mtoto apokelewe katika nguo chafu.

Juu ya kulala pamoja, waganga wa leo wanatuonya: mtoto alazwe chali, si kifudifudi. Marekani walianza kulifundisha taifa zima hivyo mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Asiwekewe mto wala mablanketi mengi karibu na uso. Na mtu aliyekunywa kasiksi, awe baba au mama, asilale karibu na mtoto mchanga. Juu ya hilo hakuna mjadala.

Neno la mwisho

Kwa hiyo tunashauri nini? Mtoto wa Kashebere anahitaji vitu vichache: vikwembe viwili au vitatu vilivyofuliwa na kuanikwa juani, kofia ya sufu kwa ajili ya baridi, sabuni, na chandarua chenye dawa, ambacho mama mjamzito hupewa bure kwenye CPN kinapokuwepo. Nguo za mtoto ziazimwe kwa dada na shemeji, kwani mtoto anakua upesi na nguo inabaki mpya. Wamama wenye likilimba wanaweza kumpa zamu yao ya kwanza yule anayekaribia kuzaa. Na wageni wanaokuja kuona mtoto walete sabuni badala ya kuhesabu vitu vilivyomo nyumbani.

Mbuzi abaki kambani mpaka mama arudi salama kutoka materinite. Akisharudi, baba akipenda amuuze anunue berso. Hatutamkataza. Lakini kama bibi yule angekuwepo, angecheka tena, kwani anajua mtoto atalala wapi.