Majina Yaliyopotea Kariokor

Kijana msomaji, huenda umepata kupita katika soko la Kariokor, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ukaona viondo na viatu vya ngozi vikiuzwa. Je, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Si jina la mto wala la mzee wa ukoo. Ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kikosi cha wapagazi", yaliyogeuzwa na ndimi za wenyeji. Dar es Salaam nako liko jina ndugu yake, Kariakoo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi zetu. Barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Basi mzigo ukawekwa kichwani mwa mwanadamu. Kufika mwaka 1917 wanaume walikuwa wakikusanywa vijijini kwa nguvu. Walibeba risasi, unga na majeruhi, wakavuka mito na nyika za nchi ambayo leo ni Tanzania. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na chakula kibaya. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa.

Walishukuriwaje? Shukrani ya punda ni mateke. Askari wa Kizungu aliyekufa alipewa kaburi lenye jina lake. Mpagazi hakupewa, kwani maofisa walidai kuwa Mwafrika hangethamini kaburi la namna hiyo. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia warithi wao. Mwaka 1928 sanamu za shaba zilisimamishwa katikati ya Nairobi, na mmoja wa watu wale watatu ni mpagazi. Lakini yeye ni mfano tu, hana jina.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tume ikaomba radhi.

Usidhani jambo hili ni letu peke yetu. Huko Mexico, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani walisubiri hadi mwaka 2019 ndipo katiba ikawataja, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 zaidi ya milioni mbili na nusu wakajitambulisha hivyo.

Waona, basi, kwamba kutoandikwa ni namna ya kufa mara ya pili. Yawezekana babu wa babu yako alikuwa miongoni mwa wapagazi wale. Waulize wazee wa nyumbani kwenu wangali hai, nawe ushike kalamu, uandike jina.