John Stephen Akhwari wa Mbulu

Nyanda za juu za Mbulu, iliko Endagikot, zina vilima vingi, na mtoto wa huko huzoea mwendo mrefu kabla hajajua kwamba mbio zaweza kumpa mtu jina. Katika nchi hiyo alizaliwa John Stephen Akhwari mwaka 1938.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika maratoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka njiani, akateguka goti na kuumia bega. Walioanza walikuwa 75; waliokata tamaa njiani, 18. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza likitanda, mguu umefungwa bendeji, akawa wa 57 na wa mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kutangulia si kufika.

Tangu hapo walimwengu humsifu kwa uvumilivu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ina upungufu: yamfanya mtu wa jioni moja. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyohuyo alimaliza maratoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano.

Mwaka 1983 taifa lilimtunukia nishani ya ushujaa. Hapana budi historia nayo imkumbuke kwa ukamilifu: alikuwa mkimbiaji hodari, aliyepatwa na ajali siku moja, naye akakataa ajali hiyo iwe mwisho wa kazi yake.