Mhamiaji wa Ngara ni nani?

Wadau, mnakumbuka vitongoji vya Paris vilivyowaka moto Oktoba na Novemba 2005? Vijana waliozaliwa Ufaransa, watoto na wajukuu wa wahamiaji kutoka Afrika, walichoka kuangaliwa kama wageni. Huku kwetu ni rahisi kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi nasema tuangalie kwanza Ngara na Biharamulo.

Tuanze na mpaka. Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mbelgiji na Mwingereza wakagawana. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikaangukia kwa Mwingereza. Leo ni sehemu ya Ngara. Ndiyo maana Mhangaza na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Hapo aliyehama ni mtu au mpaka?

Halafu wakaja wahamiaji wenyewe. Kuanzia 1959 Watutsi waliokimbia Rwanda walivuka mto Kagera, wakalima, wakafuga, wakaoana na wenyeji. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia kwa pamoja, watu zaidi ya 30,000. Lakini si wote waliofikia kushika cheti.

Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walimiminika Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Miaka iliyofuata, mabasi yalipita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Hofu ilikuwa ya kweli, na mgeni ndiye aliyenyooshewa kidole.

Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka kuingia Rwanda, wakiwemo waliozaliwa Tanzania, na wengine wakaacha wake, waume na watoto nyuma. Walipelekwa kambi ya Kiyanzi, katika nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona.

Kijana wa Paris ana pasipoti, anachokosa ni kupokelewa. Huyu wa Ngara alishapokelewa kijijini zamani, anachokosa ni karatasi. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake. Ila kama babu alikubaliwa 1980, mjukuu atadaiwaje cheti ambacho babu hakukabidhiwa?

Nyie mnasemaje?